Mawe ya figo (2): Kamera ya kutupa au ya kutakasa?

Wiki iliyopita tuliona jinsi mawe yanavyojijenga ndani ya figo, hasa kwa anayeshinda juani na kunywa maji kidogo. Mkulima wa ufuta wa Likunja, huku Kusini, ananielewa. Leo tuzungumzie kuyatoa bila kisu.

Daktari bingwa huingiza kwenye njia ya mkojo mrija wenye unene wa takriban milimita 3, ukapita kibofu na kupanda hadi kwenye figo. Nchani pana kamera na taa. Ndani yake hupenyezwa unyuzi wa leza unaolisaga jiwe likawa vumbi. Mgonjwa hatoki na mshono.

Kwa miaka mingi mirija hii ilikuwa ya kudumu, yaani ya kutakaswa na kutumika tena. Mwaka 2016 kampuni ya Boston Scientific ya Marekani iliingiza sokoni mrija wa LithoVue, unaotumika mara moja na kutupwa. Baadaye viwanda vya China vikashusha bei.

Wa kudumu una kazi. Baada ya kila mgonjwa hujazwa hewa na kuzamishwa majini. Viputo vikitoka, umetoboka, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwenye beseni. Ukisalimika, husuguliwa ndani kwa brashi nyembamba, hutakaswa kwa dawa au gesi, hukaushwa. Yakikosekana maji safi, umeme au mtumishi aliyefundishwa, vijidudu vya mgonjwa wa jana vinaweza kuhamia kwa wa leo. Tena mrija wenyewe ni dhaifu: leza ikifyatuka ndani yake, umeharibika, na matengenezo yake ni maelfu ya dola.

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, inayopokea wagonjwa wa nchi nzima, gharama hiyo hugawanywa kwa watu wengi. Kusini hesabu ni nyingine. Mrija mmoja wa kudumu ukiharibika kwenye hospitali ya kanda, Mtwara, mgonjwa wa Likunja anaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Ningekuwa mnunuzi wa hospitali ya kanda, ningeanza na ya kutupa, hata kama taka zake za plastiki na vifaa vya umeme zinaniudhi. Ila isirudiwe kwa mgonjwa mwingine kwa kisingizio cha kubana matumizi, haikuundwa kutakaswa.

Msomaji, ukiandikiwa tiba hii, uliza utatumiwa mrija upi, na kama ni wa kudumu, unatakaswa vipi. Wiki ijayo: korosho, mchicha na mawe.