Injini ya 'stroka' kutoka bloki ya mtumba: Pima kwanza, lipa baadaye

Chukua mfano wa kijana wa Magomeni mwenye Subaru Impreza ya tabo ambayo injini yake imenoki. Fundi anamwambia: "Bosi, usirudishe injini ileile. Tutafute bloki ya mtumba pale Kariakoo au Ilala, tuweke krenki ya 2.5. Gari litakuwa jingine kabisa."

Fundi hajadanganya. Kazi hiyo ipo, inafanyika sehemu nyingi duniani, na injini ya namna hiyo huitwa stroka. Lakini kati ya kauli ya fundi na gari kuwaka kuna vipimo vidogo sana ambavyo vikirukwa, injini inanoki tena. Safari hii inakufa na hela mpya ndani yake.

Hivi ndivyo kazi yenyewe ilivyo, na hapa ndipo watu wanapopigwa.

Stroka ni nini?

Stroki ni umbali ambao pistoni inasafiri ndani ya silinda kutoka chini hadi juu. Umbali huo unaamuliwa na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni kupitia konrodi.

Kuna njia mbili za kuongeza cc bila kubadili idadi ya silinda. Ya kwanza ni kubori, yaani kuchonga silinda ziwe pana zaidi. Ya pili ni kuweka krenki yenye stroki ndefu zaidi. Hii ya pili ndiyo inayoipa injini jina la stroka. Mara nyingi mafundi hufanya zote mbili kwa pamoja.

Hesabu yake kwa Subaru

Injini ya EJ20, iliyomo kwenye Impreza na Forester nyingi za tabo, ina silinda nne zenye upana wa milimita 92 na stroki ya milimita 75. Jumla ni cc 1,994.

Ndugu yake, EJ25, ina upana wa milimita 99.5 na stroki ya milimita 79, sawa na cc 2,457.

Ukichukua krenki ya EJ25 ukaiweka kwenye bloki ya EJ20, stroki inaongezeka milimita 4. Injini inafika cc 2,101 hivi. Ukibori silinda hadi milimita 92.5, inafika kama cc 2,123. Ndiyo maana watu huiita "2.1".

Yaani ongezeko ni asilimia 5 hadi 6 tu. Mtu akikuahidi kwamba krenki peke yake itakupa nguvu mara mbili, hapo shtuka.

Mtego wa milimita 2

Ile milimita 4 inagawanyika: 2 zinaenda juu, 2 zinaenda chini. Konrodi za EJ20 na EJ25 zina urefu uleule, milimita 130.5. Kwa hiyo ukifunga krenki ya 2.5 na kubakiza pistoni za zamani za EJ20, kila pistoni itapanda milimita 2 zaidi ya ilivyokusudiwa.

Hapo juu hakuna nafasi ya milimita 2. Gasketi ya hedi ni nyembamba kuliko hivyo. Pistoni itagonga hedi, na injini inaweza kuharibika siku ileile ya kuwashwa.

Dawa yake ni pistoni maalumu za stroka, ambazo tundu la pini limesogezwa juu milimita 2. Hizi kwa kawaida huagizwa, huwezi kuzikuta kwenye kila duka la spea. Kama kwenye bajeti ya fundi hakuna mstari wa pistoni, hiyo bajeti haijakamilika.

Chini nako kuna kazi. Lazima krenki izungushwe kwa mkono kabla ya kufunga injini, kuhakikisha haigusi sketi ya pistoni wala ukuta wa bloki.

Bloki ya mtumba ina historia

Hapa ndipo kazi nyingi zinafia. Bloki ikishaoshwa inang'aa, lakini kung'aa hakusemi imepitia nini.

Mwongozo wa Subaru unatambua pistoni za ovasaizi mbili: 0.25 na 0.50. Maana yake silinda ya milimita 92 inaweza kuchongwa hadi 92.25, kisha 92.50. Baada ya hapo, kwa kipimo cha kiwanda, imefika mwisho. Ukuta unaobaki ni mwembamba, na presha ya tabo haina huruma na ukuta mwembamba.

Bloki ambayo tayari ilishachongwa 0.50 na mwenye gari wa kwanza, kisha ikatumika tena hadi ikalika, haifai kwa stroka hata ikiuzwa bei ya kutupa.

Utajuaje? Kwa kupima. Mchongaji makini hutumia maikromita na geji ya silinda. Hupima kila silinda juu, katikati na chini, na kila mahali hupima pande mbili. Hivyo ni vipimo 6 kwa silinda, 24 kwa bloki nzima. Omba viandikwe kwenye karatasi.

Kama pistoni bado zimo ndani, angalia pia juu yake. Pistoni za ovasaizi mara nyingi hupigwa alama kama 25 au 50.

Kingine ni uso wa bloki pale hedi inapokaa. Injini iliyowahi kuchemsha inaweza kuwa imepinda. Fundi huweka rula ya chuma iliyonyooka, kisha hupitisha filageji chini yake.

Krenki nayo ichunguzwe

Si kila krenki ya 2.5 inaingia kwenye kila bloki ya 2.0. Bloki za EJ za zamani zina beringi ya kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma katika nafasi namba 3, katikati. Za baadaye zina beringi hiyo nafasi namba 5, nyuma. Krenki na bloki lazima viwe vya kundi moja.

Na kama injini ya zamani ilinoki, vipande vya chuma vilisambaa na oili. Kibaridisho cha oili hukamata vipande hivyo na kuja kuviachia baadaye. Ukikirudisha hivyohivyo kwenye injini mpya, beringi mpya zitaliwa. Bora ukibadilishe.

Pistoni kwanza, kubori baadaye

Mpangilio wa kazi una maana kubwa. Pima bloki, chagua saizi, agiza pistoni, zisubiri zifike, ndipo upeleke bloki na pistoni pamoja kwa mchongaji. Yeye huchonga silinda kufuata pistoni alizozishika mkononi, na kuacha nafasi ambayo mtengenezaji wa pistoni ameitaja.

Bloki ya Subaru ni vipande viwili. Vinatakiwa vifungwe pamoja kwa kipimo sahihi kabla ya kuchongwa, la sivyo silinda haitakuwa duara siku injini itakapofungwa.

Faida halisi ni ipi?

Stroki ndefu inaipa injini msukumo zaidi kwenye mzunguko wa chini, na tabo inaamka mapema. Kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, hilo linasikika kuliko spidi ya mwisho.

Gharama yake ni kwamba pistoni inakimbia zaidi. Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, wastani wa mwendo wake unatoka mita 17.5 kwa sekunde hadi mita 18.4. Na kwa kuwa hewa inayoingia imeongezeka, kontrol boksi lazima ipangwe upya. Mafuta yakipungua kwenye presha ya tabo, pistoni zinatoboka.

Tukumbuke pia kwamba Impreza zilizoshinda Safari Rally Kenya, ya Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000, zilikuwa na injini zisizozidi cc 2,000. Ushindi ule haukutokana na cc.

Usisahau kadi ya gari

Kadi ya usajili ina namba ya injini na ukubwa wake. Ukibadili bloki, namba inabadilika, na mabadiliko hayo yanatakiwa kufikishwa TRA. Fungua macho pia kwenye asili ya bloki: dai risiti, na hakikisha namba haijafutwa. Kama una bima kubwa, iambie kampuni yako ya bima.

Maswali matano kabla ya kutoa hela

1. Silinda zina upana gani sasa, na zimewahi kuchongwa?
2. Pistoni za stroka zimo kwenye bajeti?
3. Krenki na bloki ni vya kundi moja?
4. Kibaridisho cha oili kinabadilishwa?
5. Nani atapanga kontrol boksi, na lini?

Fundi anayejua kazi hatakasirika ukimuuliza. Atakuonyesha karatasi ya vipimo. Asipokuwa nayo, bora kurudisha injini ya kawaida iliyofungwa vizuri. Itakufikisha kazini na kukurudisha nyumbani, tena kwa hela kidogo.