Nyumba ya Kahawa Chini ya Ngong

Wengi wetu wa Mbulu na Hanang tukiitaja Kenya huwaza mbuga, pwani na maghorofa ya Nairobi. Lakini nchi ile inasomeka vizuri zaidi katika nyumba moja ya mkulima iliyoko mtaa wa Karen, chini ya vilima vya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912 na Msweden Åke Sjögren; mwaka 1917 ikaingia mikononi mwa Bror na Karen Blixen, walowezi wa kahawa. Haina ghorofa. Kuta zake ni za mawe, paa ni la vigae, vyumba ni vikubwa, na baraza lake pana limekaa kwa kupumzikia na kutazama mbali. Jiko lilijengwa kando. Mtu atasema lilitengwa kwa sababu ya moshi na hofu ya moto, na ni kweli. Ila utengano huohuo uliwaweka watumishi nje ya macho ya wageni mezani.

Kahawa yenyewe haikuijenga fahari hiyo. Kati ya ekari 6,000 hivi za shamba, kahawa ilipandwa kwenye 600 hivi tu, tena mahali palipoinuka mno kwa zao hilo, na mwaka 1931 shamba likauzwa kwa madeni. Kilichoishikilia nyumba kwa miaka yote hiyo ni sheria za kikoloni. Ile ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi hati za miaka 999. Ya mwaka 1918 ikamtaka Mwafrika aishiye kwenye shamba la mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hivyo Wagikuyu wakawa maskwota, watu wanaolipia kwa jasho mahali pa kulala.

Watetezi wa Karen Blixen hukumbusha kwamba aliwafungulia shule, aliwatibu wagonjwa, na alipoondoka aliwahangaikia maskwota wapate ardhi ya kuhamia pamoja. Wema huo ulikuwepo na unastahili heshima. Lakini jamii nzima ikisubiri kuombewa makazi na mgeni, basi kosa ni la sheria, na moyo mwema hauifuti. Wala skwota hakuwa mtumwa: nyumba za pamba za kusini mwa Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 zilisimama juu ya watu walionunuliwa sokoni, ilhali skwota alikuwa na mifugo yake na mji wake. Kinachozifananisha nyumba hizo na hii ya Karen ni kwamba uzuri umehifadhiwa kuliko makazi ya waliougharimia. Hanang tunaujua uchungu wa jambo hili, kwa maana mashamba ya ngano ya Basotu yalimeza malisho ya Wabarbaig, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na trekta.

Tangu mwaka 1986 nyumba ya Karen Blixen ni makumbusho ya taifa. Ukifika, usiishie barazani: muulize mwongozaji maskwota walikaa upande gani, na walihamishiwa wapi.