Dhambi ya asili ndani ya damu?

Mara nyingi ni sisi mapadri tunaokopa maneno ya waganga. Twafundisha kwamba dhambi ni ugonjwa, kwamba kitubio ni dawa, kwamba anayeungamisha ni mganga wa roho. Lakini mara moja mganga naye alipita kwetu akakopa neno kubwa sana. Mwaka 1960 mwalimu Thomas Francis, wa Universite ya Michigan katika Marekani, alitoa maandiko juu ya homa ya mafua, ndiyo gripi, na katika kichwa cha maandiko yake alisema kwamba anaeleza mafundisho ya dhambi ya asili: si ile ya Adamu, ila ile ya damu. Toka wakati ule wenye elimu hii wanalitumia jina hilo, hata wale wasiosali. Basi yatufaa, sisi tunaosoma traktati ya dhambi ya asili, kujua walitaka kusema nini, na kama walikopa vema.

Francis hakuliokota neno lile njiani. Alizaliwa mwaka 1900, na baba yake alihubiri katika Kanisa la Wametodisti. Mwaka 1934 alikuwa wa kwanza katika Amerika kutenga virusi vya gripi ya watu. Mwaka 1940 akavumbua gripi ya aina ya pili, inayoitwa B. Ndiye pia aliyesimamia jaribio kubwa la chanjo ya polio ya Jonas Salk, aliyekuwa mwanafunzi wake, akatangaza matokeo tarehe 12 Aprili 1955.

Yeye na wenzake walikusanya damu ya watu wa kila umri, watoto, vijana na wazee, wakapima kingamwili zake. Kingamwili ni vitu vidogo sana ambavyo mwili unatengeneza kusudi vishike virusi na kuvizuia. Kila aina ina umbo lake, kama ufunguo na kufuli yake. Na virusi vya gripi, kwa upande wao, havikai na sura moja. Vinabadilika kidogo kidogo mwaka kwa mwaka, na mara chache vinabadilika kabisa. Ndipo ugonjwa unazunguka dunia nzima, kama mwaka 1918, 1957 na 1968. Ungedhani kwamba mtu ana kingamwili nyingi juu ya virusi vilivyopita jana ao juzi. Kumbe sivyo. Kila kizazi kilikuwa na nguvu zaidi juu ya virusi vya utoto wake. Waliokuwa watoto nyakati za 1918 damu yao ilikumbuka virusi vya nyakati zile, ijapokuwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita. Tena walipowachoma watu wazima chanjo ya virusi vipya, damu iliitika, lakini iliitika kwa nguvu zaidi juu ya virusi vya zamani, ambavyo havikuwamo hata katika sindano.

Namna gani? Tazameni wazee wetu kanisani. Pale ambapo maneno ya sala yamebadilishwa, padri anaanza kwa maneno mapya, nao wazee wanaitika kwa maneno waliyofundishwa kabla ya ubatizo. Si ubishi. Maneno ya kwanza yako karibu na ulimi, yanatoka kabla ya mapya kupata nafasi. Ndivyo ilivyo katika damu. Kirusi cha kwanza kinapoingia, chembe chache zenye umbo la kukishika zinaongezeka sana, na nyingine zinabaki miaka na miaka, zikikumbuka. Kirusi cha pili kinachofanana na cha kwanza kikija, zile za zamani zinaamka kwanza kwa kuwa ni nyingi na ziko tayari. Zinashughulika na zile sehemu ambazo kirusi kipya kinashirikiana na cha zamani. Chembe changa, ambazo zingejifunza sura mpya, zinapata kazi kidogo tu.

Kama sehemu zile za zamani zinatosha kukizuia kirusi, ni neema. Kama kirusi kimegeuza sehemu zile zenyewe, kingamwili zinakishika vibaya, na mtu anaugua.

Mimi naona hapa Francis alichagua jina lenye upande mmoja. Kwa kuwa ile alama ya kwanza inaokoa vilevile. Mwaka 2008 walipima damu ya watu 32 waliokuwa hai wakati wa ugonjwa wa 1918: wote walikuwa bado na kingamwili za kuzuia virusi vile, miaka 90 nyuma. Mwaka 2009 ilipotokea gripi mpya ya H1N1, wazee walipatwa kidogo kuliko vijana. Huko Marekani kama theluthi moja ya waliopita miaka 60 walikuwa tayari na kingamwili za kuizuia. Na mwaka 2016 wataalamu wanne wa Marekani, pamoja nao Katelyn Gostic na Michael Worobey, walionyesha jambo la ajabu juu ya gripi za ndege. Virusi vya gripi A vina koo mbili kubwa. Waliozaliwa kabla ya 1968 kwa kawaida walikutana kwanza na ukoo wa kwanza, nao hawaugui sana kwa H5N1, iliyo ya ukoo ule. Waliozaliwa nyuma wanalindwa zaidi juu ya H7N9, iliyo ya ukoo wa pili. Kwa hesabu yao, alama hiyo inapunguza ugonjwa mkali kwa 75 katika mia, na kufa kwa 80 katika mia. Mwaka wa kuzaliwa unatenga watu kama mto unavyotenga vijiji viwili.

Sasa tupime neno lenyewe kwa kipimo chetu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulifundisha kwamba dhambi ya asili yatujia kwa kuzaliwa, propagatione, non imitatione. Lakini alama ya damu hairithiwi. Kila mtu anaipata mwenyewe katika utoto wake, na kingamwili anazopewa na mama tumboni hazikai ila miezi michache. Tena dhambi ya asili ni kukosa kitu, ndiyo neema ya utakaso; alama ya damu ni kuwa na kitu. Na zaidi ya yote, Ubatizo waondoa dhambi ya asili, lakini hakuna sindano inayofuta kumbukumbu ya kwanza ya mwili. Kama mganga yule angetuuliza, tungemwonyesha ukurasa wa mbele kidogo: ile tamaa, concupiscentia, inayobaki hata kwa aliyebatizwa, nayo Mtaguso wakataa kuiita dhambi kwa maana halisi. Siku hizi wengi wao wanapenda neno lingine, la chapa inayopigwa. Bila kujua wamekaribia alama isiyofutika ya sakramenti! Lakini nawasihi, ndugu waseminari, msiipeleke mimbarani. Mfano unaofurahisha darasani unaweza kuchanganya waamini.

Kuna jambo lingine linalowahusu wakatekista. Chanjo ya korona ilipoanza kutolewa katika Kongo, Aprili 2021, tulisikia vijijini maneno haya: «Nimekwisha kuugua, damu yangu inajua, chanjo ni ya nini?» Na wengine: «Mtu alichanjwa, akaugua tena, basi walitudanganya.» Haifai kucheka maneno hayo, kwa sababu yamegusa pembe ya kweli. Damu inajua, ndiyo, lakini inajua sura ile iliyoiona. Chanjo inaongeza nguvu hata kama damu inaitika kwanza kwa maneno ya zamani, na aliyechanjwa akiugua, mara nyingi anaugua bila kufika karibu na kifo. Mwenye kusema kwamba chapa ya kwanza inafanya chanjo kuwa bure amesikia nusu ya mafundisho. Waganga wenyewe walijifunza: mwaka 2022 walitoa chanjo yenye sura mbili pamoja, ya korona ya kwanza na ya Omikroni, wakaona damu inazidi kukumbuka ile ya kwanza. Kwa hiyo Mei 2023 washauri wa OMS walisema sura ya kwanza iachwe katika chanjo mpya.

Francis mwenyewe hakumaliza maandiko yake kwa huzuni. Alitumaini kwamba siku moja watoto watachanjwa mapema, kabla ya gripi yao ya kwanza, kwa sura nyingi zilizochaguliwa, hata mahali pa dhambi ile ya mwanzo pawe na baraka ya mwanzo. Alikufa mwaka 1969 bila kuiona. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ililipia masomo ya kufuata watoto wachanga toka kuzaliwa, kusudi wajue kirusi kipi kinapiga chapa ya kwanza na namna gani. Kazi moja ya namna hiyo iliongozwa na Aubree Gordon, wa Universite ileile ya Michigan, pamoja na watoto wa Managua, katika Nikaragua.