Tusimpikie Mgonjwa Chungu Chake

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, baba au nyanya akishaambiwa hospitalini kwamba ana maradhi ya sukari, jikoni huongezwa chungu cha pili. Humo hupikwa mchicha wake, maharage yake na sima yake ya mtama. Yeye hula pembeni, kimya, na huku wengine wamelizunguka sinia la wali mweupe, viazi vya kukaanga na soda baridi. Hufanywa hivyo kwa mapenzi, na akina mama wanaopika mara mbili kwa siku wana ujira wao kwa Mola. Hata hivyo, mpango huu unamdhulumu mgonjwa, na unawadhulumu zaidi wale tunaowaita wazima.

Unamdhulumu mgonjwa kwa sababu chakula kinacholiwa kwa upweke hugeuka adhabu, na adhabu haivumiliki miaka ishirini. Unawadhulumu wazima kwa sababu kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo. Mtoto ambaye mzazi wake ana maradhi haya yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuyapata kuliko mtoto mwingine. Basi huyo kijana anayekula wali na soda kando ya babake mgonjwa ndiye hasa anayekihitaji kile chungu cha pili, kabla hajaandikiwa na daktari.

Tufahamu kwanza maradhi yenyewe. Wanga tunaokula huvunjwavunjwa tumboni ukawa glukosi, nayo huingia katika damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo kazi yake ni kuziwezesha seli za mwili kuipokea glukosi hiyo na kuitumia. Mtu akidumu kula wanga uliokobolewa, sukari na mafuta kupita haja ya mwili wake, na mwili wenyewe hautembei, mafuta hujikusanya tumboni na ndani ya ini, na seli zikaanza kutoiitikia insulini. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, mpaka hatimaye hulemewa. Hayo huchukua miaka mingi bila maumivu yoyote, na ndiyo sababu wengi hugundua wakati macho, figo au miguu imekwisha kudhurika.

Hapa ndipo hikima ya Muumba katika mimea inapodhihirika. Mboga za majani, kunde na nafaka zisizokobolewa zina nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuisaga. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya glukosi kuingia katika damu, humfanya mtu ahisi kushiba mapema, na baadhi yake husaidia kushusha kolesteroli. Zikifika katika utumbo mpana huwa chakula cha bakteria wema, ambao nao huzalisha vitu vyenye manufaa kwa mwili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa huwa na takriban gramu 6 za nyuzinyuzi. Wali mweupe wa uzani huo haufikishi hata gramu 1.

Elimu hii ina mizizi karibu na kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, na mwenziwe Hugh Trowell, aliyetibu wagonjwa Kenya na Uganda kwa miaka mingi, walitambua kwamba watu wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa walikuwa hawaugui sana maradhi yaliyoenea Ulaya, kisukari kikiwa mojawapo. Katika miaka ya 1970 waliieleza dunia kwamba upungufu wa nyuzinyuzi ni sehemu ya sababu. Yaani wageni walijifunza kutoka katika sahani za Waafrika jambo ambalo sisi wenyewe tunaliacha.

Je, kubadili mwendo kunafaa kitu? Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kiwango cha kisukari. Waliopunguza uzito kwa kurekebisha chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31.

Dini yetu ilitangulia kutufunza wastani. Aya ya 31 ya Suratul A'raf imetuhalalishia kula na kunywa, ikatukataza israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) aliligawa tumbo la anayetaka kula mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Tena Imam Bukhari amepokea kwamba Mama Aisha (R.A.), panapotokea msiba kwa jamaa zake, aliagiza ipikwe talbina, uji wa shayiri, kisha akaimimina juu ya tharidi, na wanawake waliobaki wakala. Tazameni adabu hiyo: kilichopikwa kuwa dawa ya moyo kiliwekwa juu ya chakula cha wote, hapakutengwa mtu. Na shayiri yenyewe, kwa elimu ya leo, ina nyuzinyuzi zinazojulikana kushusha kolesteroli.

Basi chungu kiwe kimoja, na sinia liwe moja, bali mafungu yabadilike. Nusu ya sinia iwe mboga: mchicha, kisamvu, matembele, mabenda, kachumbari. Robo iwe pojo, mbaazi, kunde au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, muhogo au chapati. Mapishi yetu hayahitaji kutupwa. Asubuhi, bakuli la mbaazi lijae na hamri iwe moja, badala ya mahamri manne kwa kijiko cha mbaazi. Tui la kwanza lina mafuta mengi yasiyofaa kuzidishwa, kwa hivyo mboga ya kila siku ipikwe kwa tui la pili, na lile zito lingoje siku maalumu. Tunda liliwe kama tunda, kwani juisi iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi zake katika chujio. Chai nayo ihesabiwe: vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu hukaribia gramu 36 za sukari, ilhali Shirika la Afya linasema ni bora zaidi tusipite gramu 25 kwa siku.

Nawakumbusha mambo mawili. La kwanza, chakula hakiondoi dawa. Anayetumia insulini au vidonge asiviache kwa ajili ya mboga, wala kwa ajili ya habasoda au mizizi ya muuzaji wa barabarani. Amweleze daktari anapobadili chakula, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mwenye maradhi ya figo naye aulize kwanza, kwani kunde na baadhi ya mboga zina potasiamu nyingi. La pili ni letu akina baba. Mama hawezi kubadili sinia ikiwa mume husukuma sahani kwa kukosa wali wa kutosha, au humwona mgeni amedharauliwa akikaribishwa kwa pojo. Tuanze sisi kuinyoosha mikono yetu kwenye mboga, na watoto watatufuata.

Miili yetu ni amana, na kula pamoja kuna baraka. Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu na awahifadhi watoto wetu. Wabillahi tawfiq.