Marehemu anapokujia ndotoni: Namna ndoto zinavyofasiriwa Kisumu na ufuoni mwa Ziwa Victoria

UMELALA fofofo. Mara babu yako aliyezikwa miaka mingi iliyopita anaingia nyumbani, anavuta kigoda, anakaa na kukutazama bila kutamka neno. Unagutuka jogoo wakiwika. Je, alitaka nini?

Katika nyumba nyingi za Kisumu na vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria, swali hilo halipuuzwi hata kidogo. Ndoto, ambayo kwa Kiluo huitwa lek, imechukuliwa tangu jadi kuwa njia mojawapo ambayo wafu hutumia kuzungumza na walio hai.

Si kila ujio wa marehemu huogopwa. Mama mjamzito au jamaa yake anapomwota mara kwa mara mtu fulani wa ukoo aliyefariki, wazee husema kwamba mtu huyo anatafuta mtoto wa kuchukua jina lake. Jina la namna hiyo huitwa nying juogi. Inaaminika kwamba mtoto akinyimwa jina hilo, hulia usiku kucha na kukataa titi hadi litamkwe. Ndoto kama hii hupokewa kwa furaha, na si ajabu kumpata mtu mzima mjini Kisumu aliyepewa jina lake kwa njia hiyo.

Mambo hubadilika marehemu anapokuja akilalamika. Hapo watu huanza kuulizana: Je, alizikwa ipasavyo? Kuna deni au ahadi iliyosahauliwa? Mfu anayewasumbua walio hai kwa sababu ya kinyongo huitwa jachien, na hofu ya kuandamwa naye ilifika hadi mahakamani. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 20, 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulipinga, na mashahidi wakaieleza mahakama kwamba asipozikwa nyumbani roho yake ingewahangaisha jamaa zake. Ukoo ulishinda kesi na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987.

Ziwa nalo lina ndoto zake. Mashua inapopinduka na maiti isipatikane, jamaa hubaki bila kaburi la kulilia. Mara nyingi aliyezama ndiye huja usingizini, nguo zikiwa zimelowa, akiuliza kwa nini hajarudishwa nyumbani. Desturi ya Waluo ina jibu la swali hilo. Huchukuliwa tunda la mti wa yago, uitwao mwegea kwa Kiswahili, ambalo ni refu na zito, likazikwa bomani kwa heshima zote anazostahili binadamu. Wapo wanaoicheka desturi hii. Mwandishi wa makala haya hawaungi mkono. Anayemsubiri ndugu yake ufuoni, siku baada ya siku, anahitaji mahali pa kukomeshea kungoja kwake, na tunda la yago humpa mahali hapo.

Makanisa nayo hayakuiacha nyuma lugha hii ya ndoto. Katika Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960 likiongozwa na Simeo Ondeto, ndoto za waumini husimuliwa na kutafutiwa maana kwa maombi.

Kuhusu ndoto za kung'oka meno, kukimbizwa na nyoka au kuanguka kutoka juu, ambazo huotwa karibu kila pembe ya dunia, Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hurejelea mafunzo yanayonasibishwa na Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki karne ya nane. Huko meno ni jamaa za mtu na nyoka ni adui. Lakini kinachopendeza zaidi ni kisa anachohusishwa nacho. Watu wawili walimwendea, kila mmoja akisema ameota anaadhini. Mmoja akaambiwa atakwenda kuhiji, wa pili akaambiwa atapatikana na hatia ya wizi. Mfasiri alikuwa amemtazama mwotaji kabla ya kuitazama ndoto.

Sayansi haiko mbali sana na hapo. Mwaka wa 1953, watafiti Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza awamu ya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, na hapo ndipo ndoto zilizo wazi zaidi hutokea. Awamu hiyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na huwa ndefu zaidi kuelekea alfajiri. Ndiyo maana babu huja jogoo wanapokaribia kuwika.

Wakati huo misuli ya mwili huwa imelegea kabisa. Akili ikiamka kabla ya misuli, mtu hujikuta macho lakini hawezi kusogea wala kupiga kelele, huku akihisi kana kwamba kuna kiumbe kimemkalia kifuani. Hilo ndilo jinamizi. Huwapata zaidi watu wenye usingizi wa kukatizwakatizwa, na mvuvi wa omena, anayekesha ziwani na taa yake usiku wa giza kisha akajaribu kulala mchana kwenye joto la mabati, ni miongoni mwao. Kabla ya kumtafuta adui aliyemroga, na aulize amelala saa ngapi wiki hiyo.

Kuna ndoto nyingine ambazo kufasiriwa vibaya kwake kumekuwa jambo la kufa na kupona. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na asilimia 17.5 Kisumu waliishi na virusi vya Ukimwi, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi walimeza efavirenzi, dawa inayojulikana kwa kuleta ndoto kali, hasa katika majuma ya kwanza.

Hebu mfikirie mjane aliyeanza dawa hiyo. Usiku wa tatu anamwona marehemu mumewe akimwita. Usiku wa nne anamwona tena. Katika jamii ambayo dalili za Ukimwi ziliwahi kudhaniwa kuwa chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, ni rahisi kwake kuamini kwamba anatakiwa atafute manyasi na kuachana na vidonge. Akiviacha, virusi huongezeka tena mwilini bila yeye kujua.

Kenya ilianza kutumia dolutegraviri mwaka wa 2017, na dawa hiyo ikachukua nafasi ya efavirenzi kwa wagonjwa wengi. Hata hiyo huwakosesha baadhi yao usingizi au kuwaletea ndoto zisizo za kawaida. Anayepatwa na hali hiyo asiache dawa. Amweleze mhudumu wa kliniki ndoto yenyewe, bila haya, na jina la aliyemwota akitaka. Mara nyingi ushauri atakaopewa ni kumeza kidonge asubuhi badala ya usiku.