Kivumbasi Kinanukia, Zebaki Hainuki

Mvua ya kwanza ikidondoka Shinyanga baada ya kiangazi, kitaa kizima kinanukia kinoma. Sio udongo peke yake. Mimea ya nchi kavu inatengeneza mafuta mepesi ya kujilinda na wadudu na midomo ya mbuzi. Jua likichoma, au ukisugua jani, mafuta yanapaa hewani na wewe unayavuta bure.

Fundi wao ni kivumbasi. Kiko kandokando ya njia na nyuma ya vibanda, jani lina meno pembeni. Lifikiche: vidole vinanukia karafuu mpaka jioni, kwa sababu yujenoli iliyomo ndiyo hiyohiyo ya karafuu za Pemba. Mbu anakusaka kwa kunusa pumzi na jasho lako, na harufu hii inamvuruga. Watafiti waliojaribu mimea ya jamii hii kaskazini mwa Tanzania walichapisha matokeo 2008: mbu walipungua. Kwa msela wa machimbo ya dhahabu Geita hii ni ishu nzito. Maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yakitelekezwa yanajaa maji, mbu wanazaliana humo, na malaria ya kule haina masihara. Panda kivumbasi mlangoni, tundika matawi mabichi, ila chandarua kibaki palepale. Na usikichome ndani ya turubai. Kifua kinachokula vumbi la karasha ya kusaga mawe kutwa nzima hakihitaji moshi juu yake.

Kuna faida ya kichwa pia. Harufu inafika haraka sana sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu. Japani serikali ilianza 1982 kuhamasisha watu waende msituni kupumua tu, na vipimo vya baadaye vikaonyesha presha na homoni za stresi zinashuka. Sisi tuna ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayofungwa yapumzike, ila nusura tuzipoteze. Mkoloni alifyeka vichaka kuua mbung'o, pamba ikafuata, mifugo ikamalizia, mpaka Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI wa kurudisha uoto ulianza 1986, ngitili zikiwa hekta mia sita na ushee. Wazee wa Kisukuma walijua dawa: funga eneo, liache lipumzike, miti inajiotea. Kufikia 2004 zilishavuka hekta 300,000. Huo ni ushindi wa wanakijiji, na naumia nikiona miti inakatwa hovyo iwe matimba ya kushikilia kuta za maduara. Mwanangu, Jumapili ukiwa huna mishe, zama ngitili na masela, mkae kivulini, simu mfukoni.

Sasa nisikilizeni vizuri wana wa mwaloni, mnaochenjua dhahabu kwa zebaki. Pua inatuzoesha kuamini kwamba hewa isiyonuka ni safi. Mvuke wa zebaki hauna harufu hata chembe. Mtu anachoma dhahabu iliyoshikana na zebaki kwenye kikaango jikoni, watoto wamekaa pembeni, hakuna anayekohoa, kumbe mvuke unaingia mapafuni, unapanda kwenye damu mpaka ubongoni. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unakata, hasira za ajabu. Mama mjamzito anamfikishia mtoto tumboni sumu hiyo. Kivumbasi hakisafishi zebaki, asikudanganye mtu. Choma nje, mbali na nyumba, kwa chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki inarudi kwenye chupa, unaitumia tena, mkwanja unabaki mfukoni na mtoto wako anavuta hewa safi.