Viwanda vya diski vinafungwa, mchomaji anunue nini?

DVD ya harusi ikikwama, aghalabu hukwama mwishoni, kamati ikiwa inatoa zawadi na ukoo wa bwana harusi ukisubiri kujiona. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko leza inakopita kwa kasi kubwa zaidi, ndiko pia tabaka la rangi la diski hafifu huwa halijatandazwa sawasawa. Mteja humlaumu mpiga video, naye mpiga video huilaumu kompyuta. Ukiitazama biashara yenyewe, utaona kuwa sehemu kubwa ya lawama ni ya soko la diski.

Soko hilo limekonda kwa kasi. Taiyo Yuden ya Japani, ambayo wachomaji wengi waliitaja kama kipimo cha ubora, ilijitoa mwishoni mwa 2015. Mwaka 2019 Mitsubishi Chemical iliiuza Verbatim, chapa yake ya diski, kwa CMC Magnetics ya Taiwan kwa dola milioni 32 tu za Marekani. Panasonic iliacha kutengeneza Blu-ray za kurekodia Februari 2023, na Sony ikafuata Februari 2025. Upande wa draivu hali ni hiyo hiyo: Sony ilifunga kitengo chake cha Optiarc zaidi ya miaka kumi iliyopita, na Pioneer ikauza biashara yake kwa Wachina mwaka 2025. Draivu nyingi zinazoonekana madukani leo zina asili ya Hitachi-LG, hata kama juu yake kuna jina jingine.

Si kwamba hawa mabwana hawakujaribu kuilinda faida yao. Oktoba 2015 Tume ya Ulaya iliwatoza watengenezaji wa draivu faini ya jumla ya euro milioni 116 kwa kupatana kisirisiri juu ya zabuni za Dell na Hewlett-Packard kati ya 2004 na 2008. Philips na Lite-On walisamehewa kwa sababu wao ndio waliotoboa siri. Hata njama hiyo haikutosha kuokoa bei. Draivu iligeuka kitu cha kuongezea tu kwenye kompyuta, kisha ikaondolewa kabisa kwenye laptopu.

Kwa mnunuzi, wachache waliobaki maana yake ni hii: jina kwenye boksi halikwambii tena nani ametengeneza diski. Kinachokwambia ni msimbo ulioandikwa kiwandani kwenye diski yenyewe, ambao programu ndogo za bure kwenye kompyuta huusoma kwa sekunde chache. MCC 004, kwa mfano, ni DVD+R ya 16x iliyotokana na Mitsubishi; TYG03 ni DVD-R ya Taiyo Yuden. Kabla ya kuchoma, draivu husoma msimbo huo na kuutafuta kwenye orodha iliyohifadhiwa ndani yake. Ikiukuta, inajua leza iwake kwa nguvu gani na ikatike kwa mpigo wa namna gani. Isipoukuta, inakisia.

Hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Draivu iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita haiijui diski iliyoingia sokoni baadaye, na mtengenezaji aliyekwisha kujitoa hatakuletea orodha mpya. Kama kampuni ya draivu yako bado ina toleo jipya la programu ya ndani, liweke kabla hujatupa diski nzima kwa kudhani ni feki. Na ukipata diski inayoelewana na draivu yako, nunua za kutosha kwa mkupuo mmoja, kwa sababu boksi lile lile mwakani laweza kubeba msimbo mwingine.

Kuhusu kasi, mafundi wengi hushauri kuchoma polepole kadiri inavyowezekana. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Diski ya 16x imeundwa kwa ajili ya kasi kubwa, na kuishusha hadi 2x au 4x kunaweza kuongeza makosa badala ya kuyapunguza. Kwa DVD, 8x ni mahali pazuri pa kuanzia. La muhimu kuliko kasi ni kuhakiki diski baada ya kuchoma, hatua ambayo wenye haraka huiruka.

Makosa mengine ni ya kawaida kabisa. DVD ya GB 4.7 huonekana kwenye Windows kama GB 4.38, kwa hiyo mafaili ya GB 4.5 hayaingii hata ukibembeleza. Diski isiyofungwa mwishoni mwa uchomaji husomeka kwenye kompyuta iliyoichoma, ila deki ya sebuleni huikataa. Draivu nyembamba ya nje hutegemea umeme wa USB, na mlango wa USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, ilhali leza ikiwaka kwa nguvu huhitaji zaidi. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiipitishe kwenye kigawanyio cha USB.

Anayechoma diski nyingi, awe mpiga video au chumba cha picha za hospitali kinachowapa wagonjwa MRI kwenye CD, asihangaike na draivu nyembamba. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani hupata umeme wa volti 12 na huhimili kazi ya siku nzima. Blu-ray ni ya lazima tu kwa anayehifadhi data, kwani diski moja hubeba GB 25 na zaidi. Mwenye kazi inayotegemea diski anunue draivu mbili mapema, ya pili aiweke kabatini, kwa sababu viwanda vinavyozitengeneza vinapungua.